Anayekohoa apimwe kwanza

Ndugu Mhariri,

Tunaomba nafasi katika ukurasa wa barua tuzungumze na wasomaji wenu juu ya neno moja linalotugharimu watu hapa Uganda: "kifua". Mtu akikohoa, ana kifua. Mtoto akihema mbio, ana kifua. Mama aliyepika kwa kuni miaka 30, ambaye sasa akitoka kisimani husimama mara tatu kabla ya kufika nyumbani, naye ana kifua. Duka la dawa nalo halina haja ya kuuliza zaidi. Amoksilini ya siku tatu, chupa ya dawa ya kikohozi, haya nenda. Wiki ikipita bila nafuu hubadilishiwa, hupewa siprofloksasini, kisha vidonge vya prednisoloni "vya kufungua kifua". Anayefika kituo cha afya mwezi wa tatu amebaki mifupa, na wanaolala naye chumba kimoja wameshaanza kukohoa.

Hayo hapo juu ni magonjwa manne au matano tofauti, na kila moja lina kipimo chake. Dawa ya moja haiponyi jingine, na nyingine hulificha. Ndiyo maana tunataka msomaji ajue kipimo kipi ni cha nini, kinafanywaje, na kinaharibikia wapi.

Tuanze na kifua kikuu, maana hicho hakimwachi jirani salama. Kikohozi cha wiki 2 au zaidi hupimwa TB, bila mjadala. Kwa anayeishi na VVU hatungoji wiki 2: akikohoa leo apimwe leo, na hata asipokohoa, homa, jasho la kulowesha shuka usiku au nguo kuanza kumpwaya ni sababu tosha. Kwa mtoto mdogo tazameni kadi yake ya uzito, kwa sababu TB ya watoto mara nyingi huonekana pale mstari wa uzito unapolala kabla kikohozi hakijasikika.

Sampuli nyingi za makohozi huharibika kabla hazijafika maabara, kwa sababu mgonjwa alipewa kikopo bila kuelezwa. Analeta mate. Mate hayana kitu, maabara inaandika "hakuna TB", na mgonjwa anarudi nyumbani na TB yake. Basi fanyeni hivi. Asubuhi, kabla ya chai, sukutua mdomo kwa maji matupu, usitumie dawa ya mswaki. Toka nje mahali penye upepo, mbali na watu. Usikohoe chooni wala ndani ya chumba. Vuta pumzi ndefu, ishike kidogo, itoe. Rudia mara 2 au 3. Kisha kohoa kutoka chini kabisa, pale mbavu zinapoishia. Ukikwangua koo utatoa kamasi na mate tu. Kinachotakiwa ni makohozi mazito, yawe ya njano, ya kijani au yenye michirizi ya damu, mililita 3 hadi 5, yaani karibu kijiko kimoja cha chai. Kikiwa ni povu jeupe linalotiririka kama maji, rudia. Funga kifuniko hadi kikaze. Jina liandikwe ubavuni mwa kikopo, kamwe si juu ya kifuniko, kwa sababu vifuniko hutolewa vyote maabara na huweza kubadilishana wenyewe. Kipeleke siku ileile, na njiani kikinge na jua. Jua la saa sita huua vijidudu vinavyotafutwa.

Makohozi hayo huingia kwenye mashine ya GeneXpert. Fundi huyachanganya na dawa yake maalumu, huyaacha dakika 15 yalainike, huyamimina kwenye katriji, yaani kikasha kinachoingizwa ndani ya mashine, na ndani ya saa 2 mashine imejibu mambo mawili: kama chembe za urithi za kijidudu cha TB zimo, na kama kijidudu hicho kimeizoea rifampisini, dawa iliyo uti wa mgongo wa matibabu. Darubini, kipimo cha tangu enzi za Robert Koch aliyetangaza kijidudu hiki Machi 24, 1882, huhitaji vijidudu 5,000 hadi 10,000 katika kila mililita ndipo jicho livione. GeneXpert hugundua vichache zaidi ya hivyo kwa mbali sana. Darubini haijastaafu, lakini. Baada ya dawa kuanza, yenyewe ndiyo hutumika kufuatilia mwishoni mwa mwezi wa 2, wa 5 na wa 6, kwa sababu GeneXpert husoma hata chembe za kijidudu kilichokufa. Aliyewahi kutibiwa TB amwambie mhudumu mapema, la sivyo mabaki ya ugonjwa wa zamani yatasomwa kama ugonjwa mpya.

Vituo vidogo vingi havina mashine hiyo. Sampuli hupakiwa pikipiki hadi kituo chenye mashine, na jibu hurudi baada ya siku. Msidhani limepotea. Acheni namba ya simu inayopatikana, maana mgonjwa asiyepatikana ndiye anayepotea. Mtoto asiyeweza kutema makohozi, kwa kuwa huyameza, anaweza kupimwa choo chake kwa mashine ileile. Na kwa mtu mwenye VVU aliyedhoofu kuna kipimo cha mkojo, kikaratasi kinachojibu kwa takriban dakika 25. Kipimo hicho kikisema hakuna, makohozi bado yapimwe. Dawa za TB katika vituo vya serikali ni bure, miezi 6 kwa TB ya kawaida.

Turudi kwa siprofloksasini na ndugu yake levofloksasini. Dawa hizi humpiga kijidudu cha TB, ila peke yake hazimmalizi. Homa hushuka, hamu ya chakula hurudi siku chache, vijidudu hupungua kwenye makohozi, na kipimo kikifanywa wiki hiyo huweza kutoka safi ilhali ugonjwa upo. Baya zaidi, levofloksasini ni silaha tunayoihitaji kwa TB sugu. Ikizoewa dukani, tumeipoteza. Prednisoloni na deksamethasoni nazo humfanya karibu kila mgonjwa ajisikie vizuri kwa siku tatu, awe na pumu au TB, huku zikilegeza kinga ya mwili. Kwa mwenye TB isiyojulikana hilo ni kumfungulia mlango mwizi. Ukiwa umeshameza chochote kati ya hivi, njoo na pakiti yake umwonyeshe mhudumu. Hakuna atakayekugombeza, na kama yupo wa kugombeza, amekosea kazi.

Wengi huja wakidai eksirei kwanza. Eksirei tunaipenda, lakini ielewekeni: inaonyesha kivuli, haitaji jina. Kivuli cha nimonia, cha TB, cha saratani na cha kovu la zamani vinaweza kufanana mno. Nayo pia huharibika kwa mambo madogo. Mgonjwa asipovuta pumzi hadi mwisho na kuishika, chini ya mapafu huonekana peupe kama pana ugonjwa. Mkufu, shanga, vifungo vya chuma, vyote huacha alama. Na kina dada, nywele za kusuka: msuko mzito ukidondoka begani huchora michirizi juu kabisa ya pafu, palepale TB inapopenda kukaa. Zifungeni juu ya kichwa kabla ya kupigwa picha. Mwenye mimba au anayehisi anayo aseme kabla.

Nimonia ya mtoto haingoji mashine yoyote. Inahitaji saa yenye sekunde na mtu mwenye subira. Mtoto awe ametulia, ikiwezekana ananyonya au amelala. Aliyetoka kulia huhema haraka hata kama hana ugonjwa. Funua nguo hadi tumbo lionekane. Hesabu kupanda kwa tumbo au kifua kwa dakika nzima. Usihesabu sekunde 15 ukazidisha kwa 4, maana watoto wadogo hupumua kwa vipindi, mara haraka mara polepole, na ukizidisha unazidisha kosa. Mtoto wa chini ya miezi 2 akifika 60, hesabu tena, na ikiwa bado ni 60 au zaidi, ni haraka mno. Miezi 2 hadi 11, kikomo ni 50. Mwaka 1 hadi 5, ni 40. Kisha tazama chini ya mbavu. Mtoto akivuta pumzi, sehemu hiyo hutakiwa kutoka nje. Ikibonyea kuingia ndani, anatumia nguvu zote kupata hewa. Wahudumu wa afya wa vijiji, wale VHT wetu, wamefundishwa kuhesabu hivi, na mzazi yeyote anaweza kujifunza jioni moja.

Asiyeweza kunyonya au kunywa, anayetapika kila kitu, aliyepata degedege, aliyelegea asiyeamka vizuri, au anayetoa sauti ya kukwaruza anapovuta hewa akiwa ametulia, huyo ni wa kupandishwa bodaboda sasa hivi. Kichanga wa chini ya miezi 2 anayehema mbio ni wa hospitali, hatibiwi nyumbani. Na kwa kuwa hapa kwetu malaria ipo mwaka mzima, mtoto mwenye homa na pumzi za haraka apimwe malaria na ahesabiwe pumzi, vyote viwili. Kupatikana na malaria hakumwondolei nimonia. Tumetaja hili kwa mkazo kwa sababu kikaratasi cha malaria kikionyesha mistari miwili, mara nyingi hakuna anayeendelea kutazama kifua.

Kituoni atabanwa kidole na oksimita, kibanio kinachosoma oksijeni katika damu. Asilimia 95 kwenda juu ni kawaida. Chini ya 90 anahitaji oksijeni bila kuchelewa. Vidole baridi, rangi ya kucha na hina ya arusi huivuruga, basi ibanwe kidole kingine au ncha ya sikio. Tena imethibitika kwamba mashine hizi huweza kusoma juu kidogo kwa watu wa ngozi nyeusi. Kwa hiyo mgonjwa anayetweta hawezi kuambiwa ni mzima kwa sababu tu namba imesema 93.

Kwa mtu mzima, nimonia huja ghafla: homa kali, kutetemeka, kichomi ubavuni anapovuta pumzi, makohozi ya rangi ya kutu. Tabibu husikiliza kwa stetoskopu, hugonga mgongoni, na eksirei huthibitisha. Hatari hupimwa kwa mambo manne: kuchanganyikiwa, kuhema mara 30 au zaidi kwa dakika, presha iliyoshuka, na umri wa miaka 65 au zaidi. Mwenye mawili asirudishwe nyumbani hivihivi.

Sasa tufike kwenye pumu na ule ugonjwa sugu wa kuziba njia za hewa, ambao hata jina la kawaida hatujaupa. Hapa ndipo Uganda inapopoteza watu kimyakimya. Utafiti uliofanywa wilayani Masindi na kutangazwa mwaka 2015 ulikuta asilimia 16.2 ya waliopimwa, watu wa zaidi ya miaka 30, wana ugonjwa huo, na zaidi ya asilimia 90 ya waliochunguzwa walikuwa wakivuta moshi wa kuni na mkaa nyumbani. Ni karibu mtu mmoja kati ya sita, wengi wao wakiwa hawajawahi kuambiwa. Mama hana sigara, hivyo hakuna anayemshuku. Anaitwa mzee, mchovu, mwenye TB isiyopona.

Kipimo chake ni spirometa, na hicho hakichomi sindano wala hakipigi picha. Ni kupuliza tu. Lakini kupuliza kwenyewe ni kazi. Makohozi yapimwe TB kwanza, ili mtu asipulize vijidudu kwenye chumba cha wenzake. Kama unatumia pampu ya salbutamoli, dawa ya kufungua njia za hewa, usiivute kwa saa 4 kabla ya kipimo, isipokuwa umebanwa. Ukibanwa, vuta, kipimo kitangoja. Usile ukashiba sana, legeza mkanda. Keti wima, miguu sakafuni. Pua inabanwa. Vuta hewa mpaka isiingie tena hata chembe, funga midomo kuzunguka kineli, yaani kimrija cha kupulizia, kisha itoe yote kwa mshindo mmoja, na uendelee kusukuma hata unapodhani imeisha, sekunde 6 au zaidi. Fundi mzuri atakupigia kelele: "Sukuma, sukuma, bado, bado!" Msimwone hana adabu. Akikaa kimya, mgonjwa huacha sekunde ya pili na namba zote ni bure.

Hurudiwa hadi yapatikane mapulizo 3 safi, na mawili bora yasipishane zaidi ya mililita 150. Makosa tunayoyajua: kuanza taratibu kama anayepoza chai, hewa kuvuja pembeni mwa mdomo, ulimi kuziba kineli, kukohoa ndani ya sekunde ya kwanza. Pulizo lenye moja ya hayo hutupwa.

Namba mbili ndizo zinazotazamwa: hewa iliyotoka sekunde ya kwanza, na hewa yote. Tuseme mtu ametoa lita 3 kwa jumla, na katika hizo lita 1.5 zimetoka sekunde ya kwanza. Ni nusu, yaani uwiano wa 0.50. Kwa mtu mzima, chini ya 0.70 maana yake njia zimebana. Anavuta pampu ya salbutamoli mara 4, moja moja, jumla mikrogramu 400, anangoja dakika 10 hadi 15, anapuliza tena. Sekunde ya kwanza ikipanda kutoka lita 1.5 hadi 2.2, njia zimefunguka na hiyo inaelekea ni pumu. Kwa kawaida tunataka ongezeko la asilimia 12 na mililita 200 kwa pamoja. Ikifika 1.6 tu, na uwiano ukabaki chini ya 0.70, njia zimekwisha kukakamaa, na moshi ndio mshukiwa wa kwanza. Ikumbukwe mwenye pumu anaweza kupuliza vizuri kabisa siku asiyobanwa. Kwake huyo kuna kifaa kidogo cha bei nafuu cha kupima kasi ya pumzi: husimama, hurudisha mshale kwenye sifuri, hupuliza kwa nguvu pulizo moja fupi, hurudia hadi zitimie mara 3, na kuandika kubwa kuliko zote, asubuhi na jioni kwa wiki 2. Namba zinazopanda na kushuka sana kati ya asubuhi na jioni ndizo sura ya pumu.

Kwenye pampu hiyo dawa nyingi huishia kooni kama haina chemba, yaani chombo kinachokaa kati ya pampu na mdomo. Chupa ya plastiki ya nusu lita hutosha, na watafiti wa Afrika Kusini walithibitisha hilo kwa watoto wenye pumu: toboa kitako tundu lenye umbo la mdomo wa pampu, uichomeke, uzungushie gundi ya karatasi isivuje, mtoto apumue kwenye mdomo wa chupa. Pulizo moja, pumzi tano, ndipo jingine. Ioshwe kwa maji ya sabuni na iachwe ikauke yenyewe. Ukiifuta kwa kitambaa, plastiki hushika umeme na dawa hunata ukutani. Wanaosema pampu humfanya mtu mtumwa tunawaomba wanyamaze. Pampu ya kuzuia hutumika kila siku, mbali na ile ya kuokoa kama salbutamoli, na mwenye pumu anayetegemea ya kuokoa peke yake yumo hatarini.

Kuna kundi jingine tunalolisemea kwa uchungu: waliomaliza dawa za TB, wakapona TB, lakini bado wanakohoa. TB huacha makovu, mashimo na mirija iliyotanuka. Mgonjwa akikohoa tena, eksirei huonyesha makovu yaleyale na huanzishwa dawa upya pasipo kupima makohozi. Wapo waliomeza mara tatu. Mashimo hayo pia huotwa na kuvu, jambo ambalo utafiti wa Gulu, kaskazini mwa Uganda, ulilikuta kwa watu waliotibiwa TB, na kuvu hutibiwa kwa dawa nyingine kabisa. Kila aliyemaliza TB aombe picha ya mwisho wa matibabu na aihifadhi. Ndiyo kipimo cha kulinganishia.

Mengine kwa ufupi. Kikohozi cha damu, kukonda na ncha za vidole kuvimba kwa mtu aliyepimwa TB na kukosekana kinahitaji CT, picha inayoonyesha kifua tabaka kwa tabaka, na kipande cha nyama kukatwa kupimwa. Taasisi ya Saratani iko Mulago, Kampala, na rufaa huanzia hospitali ya wilaya. Miguu kuvimba na kushindwa kulala chali huelekeza kwenye moyo. Upande mmoja wa kifua ukiwa kimya stetoskopuni na mzito ukigongwa, huenda ni maji. Hutolewa kidogo kwa sindano na kupimwa, na hapa kwetu TB ndiyo hushukiwa kwanza.

Ndugu Mhariri, gazeti lenu hufika kambini, sokoni na stendi za malori. Tunakuomba mchapishe zile namba za pumzi za watoto, 60, 50 na 40, kwa herufi kubwa, ili msomaji azikate na kuzibandika ukutani. Wakuu wa afya wa wilaya nao wahakikishe angalau hospitali moja katika kila wilaya ina spirometa inayofanya kazi na mtu aliyefundishwa kuitumia. Na msomaji anayekuja kliniki ya kifua aje na vitu hivi ndani ya mfuko mmoja: picha zote za zamani za eksirei, kadi ya TB kama alitibiwa, kadi ya VVU kama anayo, pakiti za dawa alizomeza miezi 3 iliyopita hata kama zimeisha, na kazi anayofanya akiitaja waziwazi, hasa kama anavunja mawe, anasaga nafaka au anachoma mkaa.

Wenu,
Wahudumu wa kliniki ya kifua,
Busia, Uganda